Aino: Jina Lililozaliwa kwa Herufi Kubwa

Kati ya majina ambayo Wafini huyahesabu kuwa ya kwao tangu enzi na enzi, Aino halikosekani. Ni jina fupi la kike, jepesi kinywani, lisilofanana na majina ya majirani wa Uswidi wala wa Urusi, na anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani limetoka zama za kale kabisa, kabla padri yeyote hajakanyaga nchi hiyo ya misitu na maziwa. Ukifungua madaftari ya ubatizo ya karne ya 17 na ya 18 hulioni. Humo wamejaa akina Maria, Anna, Margareta na Katarina, majina ya watakatifu yaliyoandikwa kwa tahajia ya Kiswidi. Aino lilichapishwa kama jina la mtu mwaka 1849, na aliyelichapisha anajulikana: Elias Lönnrot, daktari wa wilaya ya Kajaani, mwenye mazoea ya kutembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji akinukuu nyimbo za wazee. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba jina hili ni la kubuni, limevishwa kanzu ya jadi tu. Naona hukumu yao ina kasoro, ingawa ushahidi wanaoutoa ni wa kweli wote.

Tuanze na neno lenyewe, maana lenyewe halina fumbo. Katika Kifini cha leo mtu akitaka kusema "pekee" husema ainoa. Umbo la aino ni la zamani, la lugha ya nyimbo, na maana ni ileile: wa pekee, asiye na mwenzake. Ni kivumishi cha kawaida, nacho hakina jinsia, kwa sababu Kifini, kama Kiswahili, hakimtofautishi mwanamke na mwanamume katika sarufi yake. Hän ni "yeye" wetu, yeyote awaye. Mwimbaji aliweza kumwita mtoto wa kike aino, na wa kiume pia. Hakuna kitu ndani ya neno hilo kinacholifunga kwa wasichana. Wanaisimu wanakwenda mbali zaidi na kusema kwamba hata mzizi wake si wa Kifini kwa asili: uliingia zamani sana kutoka lugha za Kijerumani za kale, kutoka neno lililo ndugu wa "moja" la Kijerumani na la Kiswidi. Kwa hiyo anayetafuta usafi wa damu ndani ya jina hili ataondoka mikono mitupu. Mimi sioni hasara. Neno lililokaa kinywani mwa watu tangu zama hizo limeshalipa kodi ya makazi.

Sasa Lönnrot na kazi yake. Alizaliwa mwaka 1802 huko Sammatti, mtoto wa mshonaji maskini, akasomea udaktari, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyimbo. Mwaka 1835 alitoa toleo la kwanza la Kalevala, utenzi wa mistari elfu kumi na mbili na ushei alioushona kutokana na nyimbo zilizonukuliwa zaidi upande wa Karelia, eneo la mpakani mwa Ufini na Urusi. Mwaka 1849 akatoa toleo la pili, lenye nyimbo 50 na mistari 22,795, na ndilo linalosomwa hadi leo. Wasomaji wa Kiswahili wanaweza kulifikia: Jan Knappert, msomi Mholanzi aliyetumia maisha yake kwenye tenzi za Kiswahili, alilitafsiri mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndani ya toleo hilo la pili kijana Joukahainen anamchokoza mzee Väinämöinen kwa malumbano ya nyimbo, anashindwa, na uimbaji wa mzee unamzamisha kinamasini hadi shingoni. Ili aokoke, anamuahidi mzee dada yake. Mama anafurahi kupata mkwe mwenye jina; binti analia. Anakwenda msituni kukata matawi ya kujipigia mwilini katika sauna, mzee anamkuta huko na kumwambia ajipambe kwa ajili yake peke yake, naye anavua mapambo yake na kuyatupa. Mama anamshauri ale siagi anenepe, aende ghalani akavae vizuri. Binti anavaa, anatangatanga hadi ufukweni, anapanda mwamba ulio majini, na mwamba unazama naye. Baadaye mzee akiwa anavua anapata samaki asiyemjua. Anapotaka kumkata, samaki anamponyoka, anatoa kichwa majini na kumwambia kwamba yeye ndiye yule dada. Katika toleo la 1835 dada wa Joukahainen hakuitwa hivi. Mwaka 1849 ndipo alipoitwa Aino.

Alitoka wapi? Alitoka kwenye wimbo mwingine kabisa, ulioimbwa sana Karelia, ambao watafiti huuita wimbo wa msichana aliyejinyonga. Humo hamna Väinämöinen wala samaki. Yuko msichana anayekwenda kukata matawi ya sauna, anasemeshwa na mwanamume, anarudi nyumbani akilia, anatumwa ghalani kujipamba, na humo ghalani anajinyonga. Jina lake mara nyingi ni Anni, umbo la kienyeji la Anna, jina la Kikristo lisilo na ajabu yoyote. Neno aino lilikuwepo jirani yake kama kivumishi, sifa ya binti au ya dada wa pekee, moja ya yale maneno ambayo waimbaji huyachomeka ili mizani itimie na sauti zipatane. Lönnrot aliuchukua wimbo wa Anni, akaufunga na kisa cha Joukahainen, akabadilisha kitanzi kuwa maji, na ile sifa ya binti akaiandika kwa herufi kubwa.

Herufi hiyo kubwa ndiyo kiini cha kesi. Wanaolikataa jina hupenda kusema kwamba Lönnrot alikosea: alisikia kivumishi akadhani ni jina. Sidhani hilo linaweza kusimama. Mtu huyu ndiye aliyekuja kuwa profesa wa Kifini katika Chuo Kikuu cha Helsinki, na ndiye aliyeandaa kamusi kubwa ya Kifini na Kiswidi iliyotoka kati ya 1866 na 1880. Kumwambia kwamba hakujua maana ya aino ni kama kumwambia seremala hajui nyundo. Alijua, na akaamua. Tena tukumbuke kwamba mdomoni hamna herufi kubwa wala ndogo. Kifini hukaza silabi ya kwanza ya kila neno, jina kwa kivumishi, na hakina kineno cha kutanguliza mbele ya nomino ili kuonyesha kwamba hili ni jina la mtu na lile ni sifa yake. Mwimbaji akisema aino, msikilizaji hana alama ya kumwambia ni lipi kati ya hayo mawili. Tofauti hiyo huzaliwa mkononi mwa mwandishi, na kila anayehamisha wimbo kutoka sauti kwenda karatasi analazimika kuikata. Waandishi waliowahi kunakili tenzi zilizokuwa zikighaniwa wanaujua mtihani huo. Lönnrot alikata upande uliomfaa kisanii, na ninakiri kwamba alikata kwa makusudi. Alihitaji binti mwenye jina la kukumbukwa, na akina Anni walikuwa wamejaa kila kijiji.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningekubaliana na wapinzani: tungekuwa na jina la mhusika wa kitabu, na basi. Linaloligeuza jina la kitabu kuwa jina la jadi ni jambo jingine, nalo lilitokea vyumbani mwa watoto. Ufini ilikuwa imekaa karne nyingi chini ya Uswidi, na tangu 1809 ilikuwa jimbo lenye utawala wake wa ndani chini ya Tsar wa Urusi. Elimu, mahakama na ofisi vilikuwa kwa Kiswidi. Kifini kilikuwa cha wakulima. Mtoto wa mkulima aliitwa Juho nyumbani na kuandikwa Johan kanisani, Maija nyumbani na Maria daftarini, kana kwamba jina lake halisi lilikuwa vazi la jikoni lisilofaa kwenda nalo mjini. Mwaka 1858 ilifunguliwa huko Jyväskylä shule ya kwanza ya sekondari iliyofundisha kwa Kifini. Mwaka 1863 Tsar Alexander II alitia saini amri iliyotoa muda wa miaka 20 ili Kifini kifikie hadhi sawa na Kiswidi katika shughuli za serikali zinazowahusu wasemaji wake. Ndani ya miaka hiyo kumpa mtoto jina la neno la Kifini lilikuwa tamko la kisiasa, na wa kwanza kulitoa hawakuwa wakulima.

Tazama nyumba moja tu. Alexander Järnefelt alikuwa jenerali, na mkewe Elisabeth alitoka ukoo wa kikabaila wa Clodt von Jürgensburg. Nyumba yao haikuanza na Kifini hata kidogo. Watoto wao wa kiume walibatizwa Kasper, Arvid, Erik. Kisha mwaka 1869 akazaliwa mvulana akapewa jina la Edvard na, baada yake, Armas, ambalo ni neno la Kifini lenye maana ya mpendwa. Na jina la pili ndilo lililomkaa. Mwaka 1871 akazaliwa Aino. Ukizisoma tarehe hizo kwa mfuatano unaiona lugha ikiingia kitandani mwa mtoto mwaka baada ya mwaka. Erik mwenyewe alikuja kujulikana kama Eero, mchoraji mashuhuri. Aino akaolewa na Jean Sibelius, mtunzi wa muziki aliyetoka nyumba ya Kiswidi, na mwaka 1904 walihamia nyumba yao huko Järvenpää iliyoitwa Ainola, yaani kwa Aino. Aliishi humo hadi 1969. Mtoto wa pekee hakuwa. Kaka zake peke yao wangejaza meza. Wazazi hawakuwa wakieleza hali ya familia yao. Walikuwa wakiweka bendera.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwangu ni wa nyumba ya Krohn. Julius Krohn alitoka mji wa Viipuri, katika familia iliyosema Kijerumani. Alijifunza Kifini, akaandika mashairi kwa lugha hiyo kwa jina la Suonio, akawa mtafiti wa nyimbo za jadi Chuo Kikuu cha Helsinki. Kitabu chake kilichotoka kati ya 1883 na 1885 kiliichambua Kalevala kipande kwa kipande, kikilinganisha maandiko ya Lönnrot na nyimbo zenyewe zilivyonukuliwa vijijini. Kama kuna mtu wa kizazi hicho aliyejua mshono ulipopita, ni yeye. Binti yake aliyezaliwa mwaka 1878, ambaye tunamjua kama mwandishi Aino Kallas, alimpa jina gani? Dai kwamba Wafini walilichukua jina hili kwa kudanganywa linagonga mwamba hapo. Mtu aliyekuwa na sababu zote za kujua kwamba "Aino wa kale" hakuwahi kuwepo alilitoa kwa mtoto wake mwenyewe. Alifanya kile walichofanya wengi: alilipokea neno la lugha aliyoichagua, si mfupa uliofukuliwa kaburini.

Lipo pingamizi linalogusa moyo kuliko la tarehe. Mzazi gani anampa binti yake jina la msichana aliyezama? Kwetu pia mtu husita kumrithisha mtoto jina la aliyekufa kifo kibaya, na Wafini wa karne ya 19 hawakuwa watu wasioogopa maji. Nchi yao ina maziwa yasiyo na idadi, na Julius Krohn mwenyewe alizama mwaka 1888 akiwa kwenye mashua ya tanga. Jibu, kwa maoni yangu, limo katika badiliko lilelile ambalo Lönnrot alilaumiwa nalo. Anni wa ghalani alijinyonga na wimbo ukamwacha akining'inia. Aino wa 1849 anazama katika namna isiyoeleza wazi kama alikusudia, kisha anarudi akiwa samaki, anamkwepa mzee, na maneno ya mwisho ni yake. Msomaji anaufunga wimbo wa tano akikumbuka kuponyoka kuliko kifo. Mchoraji Akseli Gallen-Kallela alilielewa hilo vizuri. Mchoro wake wa sehemu tatu, ambao toleo lake la kwanza alilichora Paris mwaka 1889 na la pili likakamilika 1891, una binti ufukweni akilia upande mmoja na mzee akimkabili msituni upande wa pili, lakini katikati, mahali jicho linapotua kwanza, Aino anateleza kutoka mikononi mwa mzee yule, maji yakirushwa juu. Picha hiyo imetundikwa ndani ya vichwa vya Wafini wengi kuliko mistari ya utenzi. Huyu ndiye Gallen-Kallela yuleyule aliyehamia Nairobi na mke na watoto wake mwaka 1909 na kukaa huko zaidi ya mwaka mmoja akichora wanyama, watu na nyika za Afrika Mashariki. Wakati huo alikuwa ameshaacha jina la kuzaliwa, Axel Gallén, kwa lile la Kifini. Binti yake wa kwanza alikuwa amemwita Marjatta, baada ya bikira wa wimbo wa mwisho wa Kalevala.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni hili: walioimba hawakulitoa. Vijiji ambako Lönnrot alipata nyimbo zake bora, kama Latvajärvi alikokaa mzee Arhippa Perttunen, vilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Arkhangelsk la Urusi. Watu wake walikuwa Waorthodoksi na watoto wao walibatizwa kwa majina ya kanisa lao. Neno walilolitumia kupamba wimbo likachukuliwa, likavuka mpaka, likawa jina la mabinti wa majenerali na maprofesa huko Helsinki na Viipuri. Jadi ya nani, basi? Sina haja ya kulifunika hilo. Mwanzoni lilikuwa jina la tabaka, na waimbaji hawakuulizwa. Lakini halikubaki huko. Shule za watu wote zilizoenezwa kwa sheria ya 1866 ziliipeleka Kalevala hadi kwenye madawati ya watoto wa wakulima, na kalenda iliyorekebishwa mwaka 1908 ilijaza majina ya Kifini kwenye siku ambazo zamani zilishikwa na watakatifu. Nchini Ufini kalenda ya majina si pambo la ukutani tu. Ndimo wazazi wanamochagulia, na siku ya jina husherehekewa kwa kahawa na keki. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 Aino likawa miongoni mwa majina yaliyotolewa zaidi kwa wasichana nchini. Msanifu majengo na mbunifu Aino Aalto, aliyezaliwa mwaka 1894 kwa jina la ukoo la Mandelin, ni mfano wa zama hizo: ukoo wake ulibadilisha Mandelin kuwa Marsio katika wimbi la 1906, mwaka ambao makumi ya maelfu ya watu waliacha majina ya koo ya Kiswidi. Jina lake la kwanza halikuhitaji kubadilishwa.

Tena wazazi hawakumeza kila alichowaletea Lönnrot. Kalevala imejaa watu wenye majina. Väinö, Ilmari, Tapio na Kyllikki yalikubaliwa. Louhi, bibi mkali wa Pohjola, nchi ya kaskazini, jina lake limebaki zaidi kitabuni. Kama herufi kubwa ya mwandishi ingetosha kuunda jina la jadi, Ufini ingejaa akina Louhi. Yalipita yale tu ambayo wazazi walikuwa tayari kuyaita kwa sauti mlangoni jioni, mtoto akiwa mbali anacheza.

Na tukitaka kupima jadi kwa miaka, tupime yote kwa kipimo kimoja. Heikki ni jina ambalo hakuna anayelitilia shaka kwamba ni la Kifini. Limetoka kwa Henrik, askofu ambaye mapokeo ya kanisa yanasema alizaliwa Uingereza na kuuawa Ufini katika karne ya 12. Juhani ni Yohana, Mikko ni Mikaeli, Kaisa ni Katarina. Yana karne nyingi nchini, ila yote yaliingia kutoka nje na kupigwa randa na ndimi za wenyeji hadi yakawa yao. Majina yaliyokuwepo kabla yao, yale ya kipagani yaliyoundwa kwa maneno kama toivo, tumaini, na lempi, mapenzi, yaliachwa polepole. Aliyemwita bintiye Aino mwaka 1871 alikuwa akirudia, bila kujua au kwa kujua, utaratibu wa mababu wa kuchukua neno zima la lugha na kumpa mtoto. Msomaji aliyekua kati ya akina Tumaini, Subira na Neema hahitaji hoja hii ielezwe mara mbili. Jina lenyewe ni jipya. Njia iliyolizaa ni ya zamani kuliko Heikki.

Kichekesho kimoja kilibaki. Jina lenye maana ya "wa pekee" lilitolewa kwa wasichana wengi kiasi kwamba darasa moja liliweza kuwa na kadhaa. Kufikia katikati ya karne ya 20 lilikuwa limechoka, likawa jina la mabibi, na wazazi wakaligeuzia kisogo. Halikufa. Mwishoni mwa karne hiyo vitukuu walianza kuitwa kwa majina ya mama za bibi zao, na katika karne hii limerudi kileleni mwa orodha za majina ya watoto wa kike. Kwenye kalenda ya Ufini siku ya Aino ni tarehe 10 Mei. Anni, yule msichana wa ghalani, ana siku yake tarehe 9 Desemba.